Sigara kwenye makao ya wazee: maswali yenu

Baba ana miaka 78 na amevuta tangu ujana. Makao anayoishi yamemchukulia sigara na kiberiti, kila akitaka lazima aombe. Ni haki kweli?

Kumtunzia si kumnyima. Kiberiti kukaa kwa mlezi naweza kukitetea, mradi wamempima yeye na si umri wake. Kumpima ni kukaa naye anapovuta sigara nzima: anawasha mwenyewe bila mkono kutetemeka? Jivu linaangukia kisahanini au mapajani? Anasinzia katikati? Matokeo yaandikwe kwenye mpango wake wa matunzo, na apimwe upya akianzishiwa dawa za usingizi au akirudi kutoka hospitali. Omba kuiona karatasi hiyo. Ikiwa haipo, mzee wako anabeba kosa la mwenzake. Wapange na saa pia. Anayejua kwamba saa nne sigara yake inakuja haombi, anasubiri tu.

Mama anatumia oksijeni. Akifunga mtungi, anaweza kuvuta papo hapo?

Hapana, hata mvuto mmoja. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila humfanya moto kichaa. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya oksijeni. Ikizidi hapo, cheche ndogo huenea upesi mno. Nayo hubaki kwenye nywele, shali na blanketi hata mtungi ukishafungwa. Daktari wake atasema asivute kabisa, nami nasema hivyo hivyo. Ikiwa hatasikia, basi afunge mtungi, avue mrija, aache vyote ndani, na asubiri nje nusu saa au zaidi kabla ya kuwasha.

Angalieni pia mafuta ya ngozi. Hulowa kwenye nguo, na kufua hakuyaondoi yote, hivyo kitambaa hushika moto haraka. Nikiwa zamu, bibi mmoja alikuwa na gauni la kulalia lenye vitundu mapajani, kila kimoja na ukingo wa kahawia. Tulilifua na kulikunja wiki nzima, hakuna aliyeuliza vimetoka wapi.

Mimi sivuti. Kona yao iko chini ya dirisha langu. Nivumilie?

Usivumilie. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara za wengine. Kona ihamishwe, wewe usihamishwe chumba.

Mimi ni mlezi. Mzee mmoja, akili zake timamu, anakataa aproni ya kuzuia moto. Anasema tunamfanya mtoto.

Ana hoja, hasa kama mnamvalisha kwenye korido mbele ya wageni. Mvalisheni akishakaa kwenye kiti chake, na mtafutieni ya rangi nyeusi isiyofanana na bibu. Na kama hajawahi kudondosha jivu, kwa nini avae? Makao mengi huivalisha kila mtu kwa sababu ni rahisi kuliko kupima.

Mtu mwenye akili timamu anaruhusiwa kujihatarisha mwenyewe. Lakini chumba cha pili yuko asiyeweza kutoka kitandani bila watu wawili kumbeba, na hakuna aliyemwuliza. Ndiyo maana kuvuta kitandani nakataa kwa kila mtu, hata aliye makini namna gani.

Tukimwachisha ghafla ili yaishe?

Kwanza, ametaka yeye au mmetaka ninyi? Akitaka, kuna vibandiko na pipi za nikotini za kumpunguzia hamu. Mwambieni daktari kabla hajaacha, kwani moshi huchochea ini kuvunja haraka dawa kama theofilini (ya pumu) na klozapini (ya maradhi ya akili). Sigara ikikoma na dozi ikabaki ile ile, dawa hujaa damuni, naye ataanza kuyumba na kutapika huku ninyi mkidhani ni arosto.