Picha ya watoto wenye sura za kizee: niitoe ukutani?

SWALI: Kaka habari za kazi, mi niko Mikindani, nina kalenda ya zamani ina picha ya Kizungu, watoto kibao wanacheza uwanjani ila sura za kizee na hakuna anayecheka, afu juu dirishani kuna kinyago. Bibi anasema ni uchawi niitoe. We unasemaje?

JIBU: Mpe bibi shikamoo yangu, ila usiitoe. Hiyo inaitwa Michezo ya Watoto (Children's Games), kaichora Pieter Bruegel mwaka 1560, enzi za Renesansi, yaani kipindi sanaa ya Ulaya ilipochipuka upya, pande za Ubelgiji ya leo, na yenyewe halisi iko Vienna kule Austria, ubao wa mita moja na nusu na ushee kwa upana, sasa wewe kwenye kalenda unaona vidoti ndo maana zinakutisha. Mle kuna watoto zaidi ya 200, michezo kama 80, watu wamekaa wakahesabu! Wale wasichana wawili chini kushoto ni mdako kabisa ule, ila badala ya vijiwe wanatumia vifupa vya kondoo. Wengine wanasukuma ringi, wengine wanarukana migongo, kuna harusi ya kuigiza na bibi harusi wake, na wapo wanaotembea juu ya miti mirefu kama midimu, wale wachezangoma wa vinyago wa Newala.

Sura zisikusumbue, watoto enzi hizo walivalishwa mtindo uleule wa wakubwa, na Bruegel hakuwa anachora mtoto wa fulani, ni kichwa cha duara na kofia basi. Kucheka nako, we ushamuona mtu anacheka kijiwe cha mdako kikiwa hewani?

Kinyago ndo penyewe sasa. Ni mtoto kajiziba na sura ya mtu mzima, ndo maana wapo wanaosema picha nzima ni fumbo, kwamba wakubwa na vyeo vyao nao wanacheza tu, na ukiangalia mji wote wameuteka watoto, mtu mzima wa kumtafuta kwa tochi. Mi nakubali nusu tu, maana anayetaka kukukaripia hahangaiki kuchora michezo yote hiyo, mpaka mtoto anayepuliza kibofu cha nguruwe jamani.

Na usitafute mhusika mkuu, hayupo, kaichora kama mtu anachungulia toka ghorofani ili wote wawe sawa. Anza na wa mdako, panda kushoto mpaka mtoni wanakoogelea, afu rudi kulia ufuate ile barabara inayopotelea mbali, huko nako wamejaa. Kwa kalenda hutawaona, tafuta kwenye simu uikuze.