Barua kwa mwanangu: kuhusu mirathi ya shangazi yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unaniuliza kama umtafute wakili wa kushughulikia mirathi ya shangazi yako, kwa kuwa wosia wake umekutaja wewe kuwa msimamizi, au uifanye kazi hiyo mwenyewe ili kile kidogo alichokiacha kisiishie kwenye ada. Unanieleza pia kwamba kuna mtu aliyekupigia simu wiki moja tu baada ya mazishi, akijitolea kumaliza kila kitu kwa malipo ya asilimia fulani ya mali yote.

Kwanza ujue hili: mimi ni mmoja wa warithi waliotajwa katika wosia huo. Nilimpenda dada yangu na ninakupenda wewe, lakini jambo lolote linalogusa fungu langu usilichukue kwangu. Kaliulize kwa mtu asiye na fungu. Baba yako mdogo na binamu zako wasije wakasema kwamba mirathi iliendeshwa kutoka nyumbani kwangu.

Msaada utauhitaji, mwanangu. Hata hivyo, kuhitaji msaada si kumkabidhi mtu mmoja kazi nzima. Sehemu kubwa ya kazi ya msimamizi ni subira na uandishi: kupata cheti cha kifo pamoja na nakala kadhaa zilizothibitishwa, kuziandikia benki, kampuni ya bima na mfuko wa pensheni, kuorodhesha mali na madeni, kutunza kila risiti. Hayo unayaweza, nami najua unaandika kwa mpangilio kuliko sisi sote. Ziko sehemu chache ambazo kosa moja ndani yake halifutiki, na hizo ndizo za kununulia ujuzi. Lakini hata ukimlipa wakili aliye bora, atakayekula kiapo ni wewe, jina litakaloandikwa kwenye hati ya usimamizi ni lako, na warithi watakayemdai hesabu ni wewe.

Niliposimamia mirathi ya babu yako sikumuuliza mtu yeyote, kwa sababu niliamini kwamba kuuliza ni gharama. Fedha zilipotoka benki niliona ndugu zangu wana shida, nikazigawa zote mwezi ule ule. Baadaye akajitokeza mdai mwenye mkataba halali wa mkopo uliosainiwa na babu yako, ambao hakuna aliyekuwa na habari nao. Fungu la kila mmoja lilikuwa limeshatumika, na mimi niliyegawa kabla ya kuwatangazia wadai na kungoja muda uliowekwa ndiye niliyelilipa deni lile kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo, kwa miaka. Saa moja ya ushauri ingeniambia kwamba gharama za mazishi na za usimamizi, madeni na kodi hutangulia, na kwamba mrithi hupokea kinachobaki. Ingeniambia pia kwamba madeni yakizidi mali, wadai hulipwa kwa mpangilio wa sheria, si kwa kumfuata anayepiga kelele zaidi.

Sasa tuje kwa mambo ya shangazi yako, ambamo naona mawili ya kupeleka kwa wakili bila kusita. La kwanza ni kile kiwanja alichokinunua pamoja na rafiki yake. Umiliki wa pamoja una namna mbili: katika moja, mwenzi aliyebaki hai huchukua chote na kiwanja hakiingii katika mirathi kabisa, katika nyingine, kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya marehemu hurithiwa. Tofauti hiyo huenda imejificha katika maneno machache ya hati ile, na mimi na wewe tusijifanye wajuzi wa kuyasoma.

La pili ni akaunti aliyoiacha katika nchi alikokuwa akifanya kazi. Hati utakayopewa na mahakama ya hapa kwa kawaida haitoshi kule mpaka itambuliwe na mamlaka za nchi hiyo. Nchi nyingi za Jumuiya ya Madola zina utaratibu wa mahakama moja kuitia muhuri upya hati iliyotolewa na mahakama ya nchi nyingine, na kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 kuna cheti kiitwacho apostili, ambacho huthibitisha saini na muhuri wa waraka lakini hakithibitishi yaliyomo. Usianze kutuma karatasi huko kwa kubahatisha; pata kwanza maelekezo ya benki yenyewe kwa maandishi, kisha wakili akuambie ni njia ipi inayofaa.

Bima yake ni jambo jepesi zaidi. Ikiwa alimwandika mteule wa kupokea, mara nyingi fedha hizo humwendea mteule moja kwa moja bila kupitia mgawanyo wa wosia. Ulizia hilo mapema, maana ndilo linalozua maneno katika familia.

Kuhusu ada, mwulize wakili kabla hujasaini: anatoza kwa saa, kwa jumla iliyopangwa, au kwa asilimia? Asilimia haifuati ukubwa wa kazi. Nyumba moja ya thamani ambayo warithi wote wamekubaliana huweza kuwa kazi ya barua chache, ilhali akaunti tano ndogo zilizotawanyika humchosha mtu mwaka mzima. Akikutajia asilimia, mwulize ni ya mali kabla ya kuondoa madeni au baada yake. Mwombe aandike ni kazi zipi zimo ndani ya bei na zipi hazimo, na mweleze wazi kwamba unataka kumlipa kwa mambo yale mawili tu, mengine utayafanya mwenyewe. Kama hataki kuigawa kazi hivyo, tafuta mwingine bila kuona haya.

Yule aliyekupigia simu mkatalie. Hukumtafuta, hujui jina lake limeandikishwa wapi, naye ametaja malipo kabla ya kuuliza kama kuna madeni au kama warithi wanaelewana. Kila wakili ana leseni inayoweza kuhakikiwa kwa chama cha mawakili au kwa msajili, nawe usimpe mtu yeyote hati halisi wala saini kwenye karatasi tupu kabla ya kuihakiki. Ukiona ada inakulemea, uliza kuhusu ofisi za msaada wa kisheria. Karani wa masijala ya mahakama naye atakueleza fomu zinazotakiwa na mpangilio wake, ingawa si kazi yake kukushauri ufanye uamuzi gani.

Kuna mambo mawili nakusihi uyashike kuanzia leo. Wosia halisi usiutoe pini zake, hata kwa ajili ya kupiga nakala, kwa maana matundu matupu humfanya mtu aulize kama kuna ukurasa uliopotea au kubadilishwa. Na ile hati ya uwakilishi aliyokupa alipokuwa mgonjwa, uliyokuwa ukichukulia fedha zake za dawa, ilikoma siku aliyofariki. Najua kadi yake ya benki bado iko kwako na kwamba kuna bili ya hospitali inayokusumbua. Usiiguse akaunti, hata kwa nia njema kabisa. Iarifu benki kuhusu kifo, uiulize kama ina utaratibu wa kulipa bili ya namna hiyo kabla ya hati kutoka, na ukilazimika kulipa kutoka kwako, tunza risiti ili urudishiwe kutoka katika mirathi.

Funguo za sanduku lake la nyaraka ninazo mimi, na sijalifungua. Njoo pamoja na mmoja wa binamu zako siku mtakayopatana, tulifungue sote watatu, na kila karatasi itakayotoka iandikwe papo hapo kabla haijahama mezani. Funguo nitakukabidhi wewe siku hiyo hiyo.

Akupendaye,
Baba yako