Jibu: Siku mbili Tabora na watoto, dhahabu tutaiona wapi?

Dada, nimekuelewa: unatoka Dodoma na vijana wawili wa shule, una siku mbili, na wameng'ang'ania kuona dhahabu inavyotoka ardhini. Dhahabu ya mkoa huu iko hasa Nzega, zaidi ya kilometa 100 kaskazini mwa mji, barabara ya lami. Toka alfajiri.

Usiende kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, bila mwenyeji. Pitia kwanza ofisi ya kijiji, uombe mtu wa kuwatembeza. Na shimoni hata usiwaze, hasa masika. Waonyeshe kazi ya juu: karasha linavyosaga mawe, kisha mchanga unavyooshwa juu ya zulia, maji yakienda na udongo, punje nzito zikibaki. Wanangu waligombania karai! Ila wachimbaji wanapochoma zebaki iliyonasa dhahabu, ondokeni mara moja. Ule mvuke ni sumu. Akija mtu na kipande mfukoni anakuuzia kwa bei ya kutupa, mwambie asante. Biashara ya dhahabu ina leseni, na shaba iliyong'arishwa imeshaliza wengi.

Siku ya pili bakini Tabora. Kwihara, nje kidogo ya mji, kuna tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuachana na Stanley. Shule ya sekondari ya Tabora Boys, alikosoma Nyerere, mtaiona kwa nje tu kama hamna ruhusa.

Asali nunua sokoni, uionje kwanza.