Re: Mke wa mpangaji aliyekamatwa kwa mauaji, nimtoe?

Salaam ndugu. Unauliza kama mke wa mpangaji wako wa Tandika kweli anaweza kuwa hakujua lolote, na kama umtoe chumbani.

Anaweza. Dennis Rader wa Wichita, Marekani, aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991, huku akiwa baba wa watoto wawili na kiongozi kanisani. Mkewe aliishi naye zaidi ya miaka 33. Rader alipokamatwa mwaka 2005, bintiye alipata habari kutoka kwa ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyemgongea mlango.

Kwanza hakikisha polisi wamemaliza upekuzi. Kabla ya hapo usiguse hata kiatu cha yule bwana. Kisha angalia kodi imelipwa mpaka lini, halafu nenda na huyo mama kwa mwenyekiti wa mtaa, ili mwenyekiti azungumze na majirani.

Mimi huku Mbagala nilimtoa mama wa watu wiki ileile mumewe alipokamatwa kwa mauaji, kwa kuogopa maneno. Watoto wake walikuwa wameshaanza kuitwa "watoto wa muuaji" bombani, wakaacha shule. Yule mdogo alikuwa darasa la pili. Inaniuma mpaka leo. Tafadhali, usimtoe.