Kabla ya kugawa hotspoti, iambie kompyuta kwamba bando linanunuliwa

Jumanne moja usiku nilijiunga bando la wiki la GB 10. Nilikuwa na ripoti ya kutafsiri, kurasa 40, na mteja aliitaka saa tatu asubuhi. Kwetu Tabata mtandao hutulia usiku watu wakishalala, kwa hiyo nikawasha hotspoti ya simu, nikaunganisha laptopu, nikakaa kazini mpaka saa saba. Nikaiacha kompyuta iko wazi ikipandisha faili moja kubwa, usingizi ukanipitia hapohapo kwenye kochi. Alfajiri nikakuta meseji mbili za mtandao zimefuatana: ya kwanza inasema nimetumia robo tatu ya kifurushi, ya pili inasema kimeisha. Kwenye laini sikuwa na salio, kwenye akaunti ya simu sikuwa na hela, na duka la vocha hapo kona lilikuwa halijafunguliwa. Ripoti ilimfikia mteja saa tatu kasoro dakika tano, nami mikono inatetemeka.

Baadaye nilifungua ile sehemu ya Windows inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani. Masasisho ya Windows yenyewe yalikuwa yamemeza zaidi ya GB 6. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa ni picha zangu za harusi ya dada, zilizokuwa zikipandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mimi kuambiwa. Hakuna aliyeniibia. Kompyuta ilifanya kazi yake kama ilivyoundwa.

Hili ndilo ninalotaka kila anayegawa hotspoti alielewe. Ukiiwasha, simu yako inageuka rauta ndogo. Upande mmoja inaongea na mnara kwa 3G, 4G au 5G, upande wa pili inarusha Wi-Fi hapo chumbani. Kompyuta haiuoni mnara, wala hailioni bando. Inachokiona ni Wi-Fi, na kwa kompyuta Wi-Fi ni kama ile ya ofisini, inayolipiwa kwa mwezi na haiishi. Basi yale yote iliyokuwa imeyaweka kiporo inayaanza kwa mpigo. Simu yako ina adabu fulani inapotumia data yake yenyewe. Kwa kawaida Play Store husubiri Wi-Fi ndipo isasishe programu, na WhatsApp husubiri Wi-Fi ndipo ishushe video za kwenye magrupu. Zote zinaingoja Wi-Fi, na kwa simu ya mgeni hotspoti yako ndiyo hiyo Wi-Fi.

Kwa hiyo ukishaunganisha tu, kabla hujafungua hata barua pepe, iambie kompyuta kwamba mtandao huu una kipimo. Kwenye Windows 10 na 11 ingia mipangilio ya mtandao, gusa jina la hotspoti yako, shuka chini mpaka kwenye swichi iliyoandikwa "Metered connection", uiwashe. Hapo masasisho mengi yanasimama mpaka uyaruhusu mwenyewe, na OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Windows, nayo inasitisha kupandisha mafaili. Wenye Mac wana swichi kama hiyo, imeandikwa "Low Data Mode". Ni kazi ya nusu dakika, na kompyuta inakumbuka.

Ila inakumbuka kwa jina. Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukinunua simu mpya yenye jina jingine, Windows inauona ni mtandao mgeni na ile swichi inarudi kuwa imezimwa. Na ukiunganisha kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, kompyuta inauona kama mtandao wa waya wa ofisini, kwa hiyo huko nako inabidi uiwashe upya, upande wa Ethernet. Mimi nilidhani nimeshamaliza, kumbe kwenye waya mlango ulikuwa wazi. Upande huo wa waya uuangalie kwanza.

Kwa simu za wageni, Android nyingi za sasa hutambua zenyewe kwamba zimeunganishwa kwenye hotspoti ya Android nyingine, zikapunguza mambo. Usizitegemee sana. Mwambie mgeni aguse jina la mtandao wako kwenye simu yake na aweke kwamba unapimwa, kisha azime WhatsApp kujishushia video. Akiwa ni mtu wa heshima yako na unaona aibu kumwambia, basi weka kikomo upande wako: simu nyingi zina sehemu ya kupanga data ikifika kiasi fulani ijizime. Mimi napenda kusema. Mtu akielezwa vizuri kwamba ni bando la wiki nzima, anaelewa.

Video ndiyo inayomaliza watu. Saa moja ya YouTube kwenye ubora wa 480p ni kama nusu GB. Ukipandisha hadi 1080p, saa hiyohiyo inaweza kuvuka GB moja na nusu. Mikutano ya Zoom ya watu wengi, kamera zikiwa wazi, huwa karibu GB moja kwa saa. Mdogo wangu yuko chuo, anasikiliza vipindi vyake kwa hotspoti yangu. Tulikubaliana 360p, kwa kuwa anachohitaji ni sauti ya mwalimu na maandishi ya kwenye slaidi.

Sasa waya. Kama kompyuta ni moja na uko nayo mezani, achana na Wi-Fi, tumia waya wa USB. Nalisema hili kwa kila mtu na wengi wananishangaa. Hotspoti ya Wi-Fi inafanya redio mbili za simu zikeshe, ya kuongea na mnara na ya kurusha chumbani, ndiyo maana betri inashuka ukiiangalia na mgongo wa simu unakuwa kama pasi. Kwa waya, redio ya pili inalala, simu inachaji huku inafanya kazi, na hakuna jirani wa kubahatisha neno la siri. Umeme ukikatika unaweza kuendelea na kazi, mradi ukumbuke kwamba simu inanyonya chaji kutoka kwenye kompyuta. Kwenye Android chomeka waya, ingia Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, halafu sehemu ya kusambaza mtandao, uwashe USB. Hapo kwenye mipangilio, swichi ya USB huwa haigusiki mpaka waya uwe umechomekwa, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kabla.

Ikikataa kuwaka baada ya kuchomeka, shuku waya kwanza. Nyaya nyingi za bei chee zina nyuzi za chaji tu ndani, za data hazimo. Nilinunua wa buku mbili Kariakoo, ukawa unachaji vizuri kabisa, nikapoteza jioni nzima nikidhani simu imekufa. Fundi mmoja pale Makumbusho aliuchukua, akachomeka wake, swichi ikawaka papo hapo. Hakunidai hata shilingi. Tangu siku hiyo waya wangu wa data nimeufunga uzi mwekundu shingoni ili mtu asiuchukue kwa kuchajia.

Bluetooth nayo inagawa mtandao, polepole sana, ila betri haiumii. Inatosha kwa barua pepe na meseji unapokuwa kwenye daladala na foleni ya Ubungo imegoma. Kwa zaidi ya hapo, hapana.

Mahali unapoiweka simu ni pa muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nyumba zetu ni tofali za saruji, nondo na bati juu, na vyote hivyo vinalipunguza wimbi la mnara kabla halijafika sebuleni. Wewe unataka simu iwe karibu na mnara, sio karibu na wewe. Kwangu, ikiwa mezani katikati ya chumba napata kasi ya Mbps 3 hivi. Nikiiegesha dirishani, juu ya ubao wa fremu kati ya nondo na wavu wa mbu, inafika 12 mpaka 14. Waya wa mita mbili ndio unaonifikisha huko. Lakini angalia jua: saa nane mchana dirisha la magharibi linaunguza, na simu ikipata moto sana inapunguza kasi yenyewe, inagoma kuchaji, na betri inazeeka kabla ya siku zake. Ivue kava, iweke kivulini, feni ikiipuliza ni vizuri zaidi.

Kama ni lazima utumie Wi-Fi, kuna uchaguzi wa masafa. GHz 2.4 inapenya kuta na kufika mbali, ila kwenye nyumba zilizobanana kama za Sinza kila mtu yupo humo na mnagongana. GHz 5 ina kasi na nafasi, lakini ukuta mmoja wa tofali unatosha kuidhoofisha. Chumba kimoja, weka 5. Vyumba viwili, weka 2.4. Vifaa vingine vya zamani haviioni kabisa ile ya 5. Mtu akikwambia "mbona jina lako silioni", sababu mara nyingi ni hiyo. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata kuna swichi ya "Maximize Compatibility" inayoirudisha kwenye 2.4.

Kuhusu neno la siri nitakuwa mkali kidogo. Usiweke namba yako ya simu, usiweke 12345678. Laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo chochote kinachopita kwenye hotspoti yako kinapita kwa jina lako. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Mtu akikaa barazani kwako akatukana au akatapeli watu kwa hotspoti yako, wa kwanza kutafutwa ni mwenye laini. Sisemi umnyime mtu. Sema mjue: awe mtu unayeweza kumtaja kwa jina. Ukishamgawia wa kupita, badilisha neno la siri akiondoka, lakini jina la hotspoti liache, kwa ile sababu ya Windows niliyoisema. Na angalia orodha ya waliounganishwa. Simu inakuonyesha, na asiyejulikana unamtoa.

Mambo mengine madogo kwa haraka. Bando la mitandao ya kijamii halitafungua barua pepe wala tovuti kwenye kompyuta hata ufanyeje. Si hotspoti iliyoharibika. Kiokoa Data kikiwa kimewashwa, Android nyingi zinakataa kugawa mtandao, zima kwanza. Na kabla ya kuhangaika na mipangilio, fungua ukurasa wowote kwenye simu yenyewe. Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, watu walizima na kuwasha hotspoti siku nzima wakati tatizo lilikuwa huko chini ya bahari.

Ukiona kila siku mnategemea simu moja watu watatu au zaidi, tafuta rauta inayowekwa laini ya simu. Simu haikuundwa kukesha ikigawa.

Mwaka jana, yapata saa nne na nusu usiku, kijana wa nyumba ya nyuma alinigongea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Kuna usalama?"

"Upo, dada. Naomba uniwashie hotspoti. Najaza maombi ya mkopo wa chuo, mwisho ni leo saa sita, na bando limenikatikia nikiwa nimebakiza viambatanisho."

Alikuwa ameikumbatia laptopu ya kuazima, imefungwa kwenye kanga ya mama yake. Nikamkaribisha mezani. Jambo la kwanza, kabla hajafungua chochote, tukaenda pamoja kwenye ile swichi ya kipimo tukaiwasha, kwa kuwa hatukujua laptopu ya watu imeweka viporo gani. Kisha nikachomoa waya wenye uzi mwekundu kwenye kompyuta yangu nikampa, simu ikabaki palepale dirishani. Swichi ya upande wa waya nayo tukaiwasha. Akapandisha cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, na fomu iliyosainiwa na mwenyekiti wa mtaa, kimoja kimoja, akisubiri kila kimoja kiseme kimefika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimejikuta nashika mgongo wa kiti.

"Imekubali, dada," akasema. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Alipoondoka nikaangalia matumizi. Alikuwa ametumia MB 38.