Maswali ya Wasomaji: Kisa changu kwenye jukwaa la watu wengine

SWALI: Rafiki yangu amenialika kwenye onyesho lisilo na mchezo ulioandikwa. Anasema mtu wa hadhira husimulia jambo lililompata, kisha waigizaji huliigiza palepale. Ninacho kisa: siku niliyogombana na kaka yangu tukaachana kwa maneno mabaya. Natamani kukitoa, ila naogopa watakifanya kichekesho, au wataniambia nilipokosea. Unanishauri nini?

JIBU: Nenda, ndugu yangu. Kusimulia ni uamuzi mwingine, utaufanya ukiwa umeshakaa na kuona wenzako wanavyopokelewa. Hanyooshewi mtu kidole. Wengi hutazama tu, wakaondoka bila kusema neno.

Onyesho unaloeleza linafanana sana na Playback Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Jonathan Fox na Jo Salas katika jimbo la New York, Marekani. Salas ni mwanamuziki, na hadi leo pembeni ya jukwaa huketi mtu mwenye vyombo vyake, anayefuata kisa kwa sauti bila nota.

Mambo huanza madogo. Mwongozaji, kazi ambayo mimi mwenyewe nimeifanya kwa miaka, huuliza mmekujaje leo. Mtu anajibu, "Nimechoka lakini nina furaha," na waigizaji, mmoja baada ya mwingine, wanalijenga jibu hilo kwa mwili na sauti mpaka linakuwa sanamu hai. Hapo ndipo utawapima. Visa virefu hufuata baadaye. Msimuliaji hukaa kando ya mwongozaji, huulizwa ilikuwa wapi na nani alikuwepo, kisha huchagua nani awe yeye. Mwanamke anaweza kumchagua mwanamume; fuata jicho lako. Mwongozaji akisema "Tutazame!", muziki unaanza na waigizaji wanaingia bila kunong'onezana wala kupanga.

Kicheko kitakuwepo, maana watu hujiona humo. Cha kumdhihaki msimuliaji hakiruhusiwi, na kukizuia ni kazi ya mwongozaji. Ushauri nao hautolewi. Huenda umesikia habari za Augusto Boal wa Brazil, ambaye katika maigizo yake ya jukwaa-baraza mtazamaji husimamisha mchezo, akaingia na kujaribu njia nyingine. Huku hakuna anayekurekebisha.

Ila waigizaji hawajakilalia kitanda chako, watakosa kunguni wawili watatu. Kwa hiyo mwisho wa igizo la kisa chako hukugeukia, nawe ndiye mwenye neno la mwisho. Mama mmoja alisimulia alivyomsindikiza binti yake safari ya mbali. Alipomaliza kutazama akasema, "Ndivyo, lakini mimi sikulia. Nilicheka." Wakaurudia mwisho ule kwa kicheko, na ukumbi mzima ukanyamaza. Waigizaji walikuwa wamechagua machozi kwa sababu ni rahisi. Yeye alijua zaidi.

Sasa kuhusu kaka yako. Kama ukikumbuka tu unakosa pumzi, kiache kisa hicho nyumbani kwa sasa, umwone kwanza mshauri au mtu unayemwamini. Ukumbi hauna faragha: unachosema kinasikiwa na wageni, tena kaka hayupo kujitetea. Usimtaje jina. Ukishajiona tayari, fahamu kwamba atakayekutikisa si yule anayeigiza wewe. Ni yule wa kaka. Mwigizaji mzuri hamchezi mtu kama shetani. Atatafuta alichokuwa anakitaka siku ile, na huenda ukakiona kwa mara ya kwanza ukiwa umekaa mbele ya watu.

SWALI: Sisi ni kikundi cha maigizo, hatuna pesa. Tunaweza kuanza?

JIBU: Mnaweza. Viti viwili pembeni, masanduku ya kukalia waigizaji, vitambaa vya rangi na chombo kimoja cha muziki vinatosha. Msichoweza kukibania ni mazoezi ya kusikiliza. Mwigizaji anayewaza ataonekanaje hasikii jina la mtoto lililotajwa mara moja tu, na pengine ndilo lililobeba kisa chote. Uongozaji mpeni mtu mzima wa akili, asiyependa kuonekana. Miezi ya kwanza igizianeni wenyewe kwa wenyewe, tena visa vyepesi: funguo zilizopotea, simu iliyokatika katikati ya habari njema. Mkialika watu kabla hamjazoea hayo, atatokea mmoja na msiba wake, nanyi hamtajua pa kuuweka.