Mgonjwa wa moyo akiachishwa mashine, utazame moyo wake

Wadogo zangu mnaoanza kazi ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hapa Mwanza, siku za kwanza mtafundishwa kumwachisha mgonjwa mashine ya kupumulia kwa kuangalia mapafu: anavuta hewa kiasi gani, anapumua mara ngapi kwa dakika, oksijeni ni asilimia ngapi. Ni sahihi. Ila kwa aliyetoka kupasuliwa moyo kuna swali zito zaidi: moyo wake utaiweza kazi ambayo mashine imekuwa ikiusaidia?

Sisi tunavuta hewa, mashine inaisukuma. Kifua kikiwa na shinikizo, damu inayorudi kutoka mwilini hupungua, na upande wa kushoto wa moyo hupata wepesi wa kusukuma damu nje. Ukiondoa mashine, damu hurudi kwa wingi, moyo wa kushoto hubeba mzigo mzito zaidi, na misuli ya kupumua nayo hudai fungu lake la oksijeni. Vyote kwa mpigo. Moyo wenye nguvu hustahimili. Uliochoka huzidiwa, na maji hujaa mapafuni.

Ndiyo maana njia ya kumjaribu apumue mwenyewe kabla ya kumtoa mashine ina uzito. Ukimwachia msaada kidogo, tuseme shinikizo la 8 anapovuta hewa na PEEP (shinikizo linalobaki mapafuni akishatoa hewa) ya 5, bado unausaidia moyo. Ukimweka kwenye bomba la T anapumua bila msukumo wowote, na mara nyingi dakika 30 zinatosha kukuonyesha hali halisi. Simweki kila mtu kwenye T. Kijana aliyezibwa tundu la moyo, mwili umepata joto, damu haitoki tena kwenye mirija ya kifuani, akiitwa anaitika: huyo njia ya kwanza inamtosha, na anaweza kutolewa tyubu, yaani mrija wa mashine ulio kooni, ndani ya saa 6 baada ya upasuaji. T ni ya wale ambao eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha moyo wa kushoto dhaifu, na wale ambao homa ya baridi yabisi imekula vali zao hadi moyo ukachoka. Huku kwetu ni wengi.

Nilijifunza hili kwa mama mmoja aliyetoka kisiwa cha Ukerewe. Alifaulu jaribio akiwa na msaada, tukamtoa tyubu alfajiri, na ndugu zake waliovuka na kivuko kutoka Nansio wakamshukuru Mungu pale koridoni. Nusu saa haikuisha: jasho, mapigo ya kasi, presha 190, halafu povu lenye rangi ya damu. Tukamrudishia tyubu. Kilichoniuma ni kwamba wakati wa jaribio presha ilipanda kutoka 130 hadi 170, nami nikadhani ndiyo nguvu inarudi. Mgeni wa kazi huogopa presha inayoshuka. Muiogope na inayopanda, hasa ikipanda pamoja na mapigo na mgonjwa akianza kutafuta kukaa.

Kwa hiyo andikeni presha na mapigo kabla ya kuanza, kisha kila dakika 5. Simamisheni jaribio akipumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, mapigo yakivuka 140, presha ya juu ikizidi 180 au ikishuka chini ya 90, au akitoka jasho jembamba. Msingoje vyote vitimie.

Moyo wa kulia una hesabu yake. Mapafu yaliyojazwa hewa kupita kiasi huubana, hivyo mgonjwa ambaye moyo wa kulia ndio dhaifu anaweza kupata nafuu akitolewa mashine mapema, mradi kabonidioksaidi isipande na oksijeni isishuke.

Yule mama tulimpa dawa ya kupunguza maji kwa siku mbili, tukamjaribu tena, safari hii kwa T, daktari akiwa na eko kando ya kitanda. Presha ilitulia. Tulipomtoa tyubu tulimvalisha barakoa ya shinikizo, inayosukuma hewa bila tyubu, saa hiyo hiyo, bila kusubiri abanwe, na nikawaandikia wenzangu wa zamu ya usiku kwa herufi kubwa: presha ikivuka 160, mwite daktari kwanza, usiongeze oksijeni ukaondoka.